Betri ya Kulala Barabarani: Namna ya Kupima Sola ya Kamyo kati ya Vuhovi, Butembo na Kasindi

Ukiingia katika duka la vifaa vya sola Butembo na kumwambia muuzaji kwamba unataka umeme wa kulalia ndani ya kamyo, atakuuliza kwanza: betri ya mia au ya mia mbili? Usimjibu bado. Hilo ni swali la mwisho. Kabla yake kuna hesabu tatu: unatumia umeme kiasi gani kwa usiku mmoja, unaweza kukaa siku ngapi bila jua, na paneli iliyo juu ya kabini yako inavuna kiasi gani. Betri ni pipa tu. Paa likileta maji kidogo, pipa kubwa halikuongezei hata kikombe kimoja. Na ikiwa ni betri ya risasi, ile tunayoiita betri ya maji au betri kavu, kukaa bila kujaa ndiko kunakoiua.

Nakuandikia wewe shofa au konvoyeri unayetoka Vuhovi, katika milima ya Bashu, ukaingia Butembo, ukapita Beni hadi mpakani Kasindi. Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi, na Beni hadi Kasindi ni kama 80. Anayetazama ramani atasema ni safari ya nusu siku. Wewe unajua foleni ya forodha Kasindi, unajua matope ya msimu wa mvua yanavyoweza kukuweka mahali pamoja mpaka wenzako wa mbele watoke, na kama unaelekea Komanda na Bunia unajua kungoja msafara wenye ulinzi wa jeshi. Mwezi Juni 2021 Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua pamoja kazi ya kutengeneza barabara ya Kasindi, Beni na Butembo. Lami hupunguza siku za matope, lakini haiondoi foleni ya mpakani. Katika nchi nyingine watu huweka kitanda ndani ya gari kwa ajili ya mapumziko, wakachagua pa kulala penye mandhari nzuri. Kwetu barabara ndiyo inayochagua, na betri yako lazima ipimwe kwa siku ambayo hukuipanga.

Tuanze na jua, maana hapo tumebahatika. Butembo na Beni ziko karibu kabisa na ikweta, na jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Kwa hiyo paneli iliyolazwa bapa juu ya kabini haipotezi kitu cha maana. Mtu wa Ulaya hulazimika kuiinamisha ya kwake ili alifuate jua la majira ya baridi. Wewe iinue upande mmoja kwa vidole viwili au vitatu, mvua ipate kuiosha vumbi, na uache nafasi ya hewa chini yake kwa sababu paneli yenye joto kali hutoa umeme kidogo.

Mwanga tunao saa 12 kwa siku, lakini usizihesabu zote. Asubuhi na mapema na jioni jua ni hafifu, na mawingu ya milimani hula lao. Mimi hutumia saa 4 za jua kamili kwa siku ya kawaida na saa 3 kwa miezi ya mvua. Halafu toa robo kwa ajili ya joto, vumbi na nyaya. Ndiyo kusema paneli ya wati 100 itakupa kama wati-saa 300 siku ya kawaida, na wati-saa 225 hivi wakati wa mvua. Muuzaji anayekuahidi zaidi ya hapo mwachie hesabu zake.

Mvua zetu nyingi hunyesha alasiri, kwa hiyo jua la kutegemea ni la asubuhi. Ukiegesha jioni, tazama mashariki ni wapi na ujiulize kivuli cha mti au cha kamyo ya jirani kitaangukia wapi saa tatu asubuhi. Ukilala Mutwanga, kumbuka kwamba uko magharibi ya Ruwenzori na jua linachelewa kuuvuka mlima. Kivuli kidogo pia si kitu kidogo: seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, na kamba moja ya turubai iliyopita juu yake inaweza kukunyima umeme mwingi kuliko ile sehemu ndogo iliyofunikwa.

Sasa matumizi. Chukua karatasi uandike kila kitu kinachowaka kuanzia machweo hadi asubuhi, wati zake na saa zake, kisha zidisha. Kwa kamyo ya kawaida yenye shofa na konvoyeri, hesabu huwa hivi. Taa mbili za LED za wati 5 ndani ya kabini kwa saa 5 ni wati-saa 50. Taa ya nje ya wati 10 inayowaka usiku kucha, saa 11, ni 110. Simu nne, kwa kuwa kila mmoja ana mbili, ni kama 80. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Feni ndogo ya wati 12 kwa saa 8 ni kama 100. Butembo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, hutaihitaji, lakini Kasindi chini kwenye bonde la Semuliki utailaani siku uliyoiacha nyumbani. Jumla ni wati-saa 370. Ongeza asilimia 15 kwa umeme unaopotea njiani, unapata kama 430.

Utaona kwamba taa ya nje ndiyo inayokula zaidi kuliko vyote. Usiiondoe. Mahali ambapo mzigo wa kakao au wa simenti unalindwa na watu wawili waliochoka, taa hiyo ni mlinzi wa tatu. Unaweza kuipunguzia gharama kwa kuweka taa yenye kihisi, inayoongeza mwanga mtu anapokaribia, na hapo wati-saa 110 zinaweza kushuka hadi nusu. Usiku ambao wazee wa barabara wamekuambia giza ndilo salama, izime. Wao wanaijua sehemu hiyo kuliko mwongozo wowote.

Kitu ambacho hakitakiwi katika orodha hiyo ni chochote kinachotengeneza joto. Birika la umeme la wati 1,800 likichemsha kwa dakika 10 limekula wati-saa 300, karibu sawa na usiku mzima wa taa, simu, redio na feni. Jiko la umeme la wati 1,000 kwa saa moja limemaliza siku mbili. Pikia makala, nje. Babula, yaani jiko la makala, isiingie kabini hata kukiwa na baridi ya milimani na hata kwa dakika chache, kwa sababu hewa ya makala haina harufu ya kukuamsha, na imeua watu waliolala na madirisha yamefungwa.

Hesabu ya pili ni siku bila jua. Hapa ndipo watu hubana fedha na kujuta. Siku moja haitoshi katika msimu wa mvua: wingu zito linaweza kukaa Butembo tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake likarudi. Chukua siku 2 kwa wanaolala parkingi za Kasindi, Beni na Butembo. Chukua 3 kama njia yako inapita msituni, ambako kamyo iliyokwama chini ya miti haivuni chochote hata jua likiwaka. Zaidi ya 3 sikushauri, kwa sababu fedha hiyo ingefanya kazi nzuri zaidi ikiwekwa kwenye paneli.

Kwa siku 2, wati-saa 430 zinakuwa 860. Huo ndio umeme unaotaka kuutoa ndani ya betri, na ukubwa wa betri yenyewe utategemea aina yake.

Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu. Ukiizoesha kumalizika kabisa, itakufia upesi. Ukiiheshimu nusu yake, inaweza kukupa mizunguko 300 hadi 600 ya kuchaji na kutumia. Hivyo 860 inakuwa 1,720, na ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea-saa 143. Nunua ya 150. Itakuwa na uzito wa kilo 40 hadi 45. Lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4 kwenye kasha, unaweza kuitumia asilimia 80 bila hofu, na iliyotengenezwa vizuri hufika mizunguko 2,000 hadi 3,000 na kuendelea. 860 ukigawanya kwa 0.8 ni 1,075, na kwa volti zake 12.8 ni ampea-saa 84. Nunua ya 100. Uzito wake ni kilo 11 hadi 13.

Kwa hiyo ya 100 inaweza kukuhudumia sawa na ya 150, na zaidi. Bei ya lithiamu itakushtua, lakini usilinganishe bei na bei. Ile ya risasi, katika maisha yake, itakupa wati-saa 900 mara 500 hivi, yaani kilowati-saa 450. Ile ya lithiamu, hata tukiihesabia mizunguko 2,000 tu, itakupa zaidi ya kilowati-saa 2,000. Kama bei yake ni mara mbili au tatu, bado ni rahisi. Mimi ningechagua lithiamu kwa sababu moja zaidi: kilo 12 mtu mmoja anabeba mkononi. Kamyo ikirudi Vuhovi na kukaa wiki moja ikingoja mzigo, betri inashuka, inaingia nyumbani, na watoto wanasomea mwanga wake. Ile ya kilo 45 hakuna atakayeishusha.

Lakini kama huna muuzaji unayemwamini, au kama regilateri yako, kile kisanduku kati ya paneli na betri, ni ya zamani isiyo na mpangilio wa lithiamu, basi betri kavu nzuri ni chaguo la heshima. Lithiamu mbaya iliyounganishwa kwa seli kuukuu ni hasara kubwa kuliko risasi nzuri.

Hesabu ya tatu ni paneli. Wati-saa 430 kwa siku, ukigawanya kwa saa 3 (zile saa 4 za jua ukitoa robo), zinahitaji wati 143. Paneli ya 150 itakutosha siku za kawaida, na itakuangusha Oktoba. Paneli ya wati 200 wakati wa mvua hutoa kama 450, ndipo unapumua. Inachukua kama mita moja ya mraba, nafasi ambayo paa la kabini au fremu ya mbele ya kamyo haikosi. Na kwa betri ya risasi kuna sababu nyingine: inapenda kuchajiwa kwa mkondo usiopungua sehemu ya kumi ya ampea-saa zake. Ya 150 inataka ampea 15, na hizo ni karibu wati 200. Sasa mtazame aliyenunua betri ya 200 akaiwekea paneli ya wati 80 kwa sababu fedha iliisha. Kwa siku anavuna 240, anatumia 430. Betri yake inashuka kila siku, haijai hata mara moja kwa mwezi, na ndani yake sahani za risasi zinafunikwa na chumvi ngumu isiyotoka tena. Baada ya miezi michache analalamika kwamba betri ilikuwa feki, nayo ilikuwa nzima.

Ukibaki na fedha kidogo na hujui uiongeze wapi, ongeza paneli.

Jambo linaloharibu betri nyingi katika barabara hii ni lile la volti 24. Fuso na kamyo nyingine nyingi zina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano. Konvoyeri anataka kuwasha redio ya volti 12, anachomoa waya kutoka betri moja peke yake. Redio inaimba. Lakini betri hiyo moja inashuka kila usiku, na mchana alteneta inazichaji zote mbili kana kwamba ziko sawa: moja haijai, nyingine inapikwa. Asubuhi moja injini inakataa kuwaka, na mnaanza kutafuta watu wa kusukuma kamyo yenye tani kumi. Betri za kuwashia injini ziache zifanye kazi yake. Zimetengenezwa kwa sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na usiku mrefu wa taa unaziua. Umeme wa kulala uwe na betri yake, ya volti 12, isiyogusana na zile mbili.

Kama unataka alteneta isaidie, na msimu wa mvua nakushauri utake, weka chaja maalumu inayopokea volti 24 na kutoa chaji ya volti 12, ile inayojizima yenyewe injini ikizimwa. Ya ampea 20 inaingiza kama wati-saa 260 kwa saa moja ya mwendo. Saa mbili za kutoka Butembo kwenda Beni zinarudisha umeme wa usiku mzima. Kwa shofa anayetembea kila siku, chaja hiyo ina faida kuliko kuongeza betri ya pili. Kwa anayekaa siku nne Kasindi injini ikiwa imezimwa, haina faida yoyote. Huyo aongeze paneli.

Friji hubadilisha kila kitu, na lazima niseme wazi. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 hula kama wati 45 inapounguruma, na katika joto la Kasindi huunguruma karibu nusu ya siku: wati-saa 540. Mahitaji yako yanaruka kutoka 430 hadi 1,050 kwa siku. Kwa siku 2, betri za risasi zinakuwa ampea-saa 350, karibu kilo 100 za uzito. Lithiamu inakuwa ya kama 200. Paneli zinakuwa wati 400, na hata hizo wakati wa mvua hutoa 900 tu, kwa hiyo bila chaja ya alteneta huwezi. Kwa soda baridi na nyama ya siku mbili, kasha zuri lenye barafu ni busara zaidi.

Dawa na chanjo ni habari nyingine kabisa. Zone ya afya ya Vuhovi ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa na Ebola, katika mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, na chanjo yake ililazimika kuhifadhiwa katika baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Chanjo za kawaida za watoto zinataka nyuzi 2 hadi 8 juu ya sifuri, bila kukatika. Kwa kazi hiyo kuna friji za sola zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, nyingine zisizotumia betri kabisa: mchana jua linagandisha barafu ndani ya kuta zake, na usiku barafu hiyo ndiyo inayolinda chanjo. Mganga akikuomba umbebee, mbebee katika kasha lake na vipande vyake vya barafu, si katika friji ya kamyo.

Sasa unaweza kurudi dukani, na uende na mizani. Butembo na Beni ni miji ya kahawa na kakao, mizani haikosekani. Betri ya risasi ya volti 12 huwa na kilo 25 hadi 30 kwa kila ampea-saa 100, kwa kuwa risasi haina njia ya mkato. Ukiletewa betri iliyoandikwa 200 nayo ina kilo 30, umeletewa betri ya 100 yenye karatasi ya 200. Tazama pia alama ndogo pembeni, C20 au C100. Betri iliyoandikwa 100 kwa C100 imepimwa kwa kutolewa umeme polepole mno, kwa saa 100. Ukiitumia kwa usiku mmoja au mbili itatoa pungufu ya hapo. Mwambie muuzaji alete kipimo cha volti: betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 imekaa dukani ikiwa nusu, na huenda kwa miezi. Iache.

Katika kufunga, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, si upande wa pili wa waya, maana mtikiso wa barabara zetu utachubua waya huo siku moja na fyuzi ndiyo itakayozuia moto. Waya kutoka paneli hadi regilateri uwe wa milimita za mraba 6. Mwembamba hula umeme njiani. Betri ya maji isikae ndani ya kabini unamolala: ikichaji hutoa gesi inayolipuka, na kamyo ikiegemea kwenye matope asidi humwagika. Iweke nje katika kisanduku chenye matundu na kufuli, iliyofungwa kwa mkanda wa chuma. Mbali na ekzosi pia, kwa sababu kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi karibu nusu. Halafu fungua mipangilio ya regilateri. Nyingi za bei ndogo hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata umeme kwenye volti 10.7, na wakati huo betri ya risasi imeshaumia. Ipandishe hadi 12.0.

Kabla ya kupakia mzigo, lala usiku mmoja ndani ya kamyo nyumbani, ukiwasha kila kitu ulichoandika kwenye karatasi. Pima volti jua linapozama na upime tena saa kumi na mbili asubuhi, taa zikiwa zimezimwa na jua halijaigusa paneli. Betri ya risasi uliyoipima kwa siku 2 inatakiwa kusoma 12.4 au zaidi baada ya usiku mmoja. Ikisoma 12.2, kuna kitu kinakula zaidi ya ulivyoandika. Kitafute kwa kuchomoa kimoja kimoja kabla hujaondoka Vuhovi.